Dakika Arobaini na Nne Hadi Sanya

1

Kipima upepo cha mkononi kilionyesha mita kumi na nane kwa sekunde. Kundaeli Swai alikitazama, akakifuta kwa mkono wa koti kana kwamba kosa lilikuwa la kioo, akakiinua tena juu ya kichwa. Kumi na nane. Katika pwani ile ya kusini kabisa mwa Chile, ambako upepo humvua mtu kofia akabaki kuipungia mkono, kumi na nane ni asubuhi ya kuanika nguo.

Kikomo kilikuwa ishirini na mbili. Chini ya hapo dirisha huwa wazi, yaani chombo kinaruhusiwa kuruka. Mwenye kulifungua na kulifunga dirisha hilo, zamu ile, alikuwa yeye Kundaeli. Akatoa kalamu, akalaza daftari juu ya goti, akaandika: ishirini na nne.

Baadaye, alipokuwa akiyapanga moyoni mambo ya kumtia aibu, hilo alikuwa akiliweka la kwanza, kwamba mkono wake ulitulia kama wa mtu anayeandika tarehe.

Chombo chenyewe kilisimama wima jukwaani, cheupe, na watu walikiita Mruko. Kilikuwa na viti sitini na viwili. Hurushwa juu mpaka kikatoka kabisa kwenye hewa ya dunia, huko abiria huelea ndani ya mikanda yao kwa dakika ishirini na sita, wengine wakiimba, wengine wakitapika, kisha huanguka. Kampuni haikulipenda neno hilo, ilisema chombo "kinarejea", lakini aliyewahi kukaa ndani anajua kwamba kuanguka ni kuanguka. Kinatua kwa moto na vumbi kwenye tambarare ya Sanya, chini ya Kilimanjaro. Toka kituo hadi kituo ni kilomita elfu kumi, mia nane na themanini. Zamani safari hiyo ilikula ndege nne na siku mbili nzima. Siku hizi ni dakika arobaini na nne, na anayechemsha maharage anaweza kwenda akafika kabla hayajaiva.

Juu ya mlingoti palikuwa na mashine ya kupima upepo, tena nzuri. Ila mwaka mmoja upepo wa mlango-bahari uliihadaa mashine, chombo kikapinda kikiwa kinapaa, watu wakafa. Tangu siku hiyo kanuni ikasema mtu aende mwenyewe kwa miguu mpaka mlingotini, apime kwa mkono, aandike kwa wino. Mashine ikisema kumi na nane na mtu akisema ishirini na nne, anasikilizwa mtu. Hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa kuuogopa upepo, na hakuna aliyewahi kumuuliza Kundaeli swali juu ya namba zake kwa miaka yote ya kazi.

Siku hiyo, saa nane mchana kwa saa za nyumbani, mama yake alikuwa anazikwa Machame. Saa nane ya Machame ni saa mbili asubuhi ya kule alikokuwa. Mruko ulikuwa uondoke saa kumi na mbili na nusu, na kiti cha kwanza kushoto kilikuwa chake. Angetua Sanya saa saba na robo ya mchana wa huko, na gari la kaka yake lilikuwa limeshaegeshwa getini linamsubiri. Kundaeli alikuwa kitinda mimba. Katika ukoo wao mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya mama, na ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini. Bila mkono wake hakuna anayeshika koleo.

Alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka kumi na mmoja. Enzi za ndege nne na siku mbili, "niko mbali" ilikuwa sababu, tena ya heshima. Mtu aliisema, ndugu wakatikisa vichwa kwa huruma, mambo yakaisha. Mruko ulipoanza, miaka saba iliyopita, sababu ile ilikufa, na Kundaeli akawa kama mtu aliyevutwa shuka mbele za watu. Mwezi wa kwanza alisema kazi zimembana. Wa pili akasema atakuja Pasaka. Akaona aibu kwa kutokwenda, na aibu hiyo ikamzuia kwenda, na kila alivyokawia ndivyo neno "hodi" lilivyozidi kuwa zito mdomoni. Wafanyakazi wa kituo walisafiri bure, na mama alilijua hilo vizuri. Hakumlaumu hata mara moja. Kila alipopiga simu alimwambia tu kwamba leo amepiga deki chumba chake na kubadili mashuka.

Sasa ilikuwa apite uani katikati ya macho ya ukoo mzima, awe wa kwanza kuushika udongo wa mtu ambaye hakuwahi kumpa hata kikombe cha chai kwa miaka kumi na mmoja. Hakuweza. Au tuseme ukweli, aliweza, hakutaka.

Alirudi ukumbini akatangaza kwamba dirisha limefungwa. Abiria wakaguna kwa adabu, kama watu wanavyoigunia hali ya hewa. Mmoja wao, mwanamke mfupi aliyevaa koti la kazi, akamfuata mpaka mlangoni. Alijitambulisha kuwa ni Nyamizi, mpishi kwenye kambi ya watafiti huko kwenye barafu, mwenyeji wa Tabora. Baba yake alikuwa mahututi, tangu jana anamtaja jina, na daktari amesema wahesabu saa, si siku. Kutoka Sanya angepata ndege ndogo mpaka Tabora kwa saa moja na nusu. Akauliza kama kuna tumaini lolote.

"Tunapima tena saa moja, dada," Kundaeli akasema.

"Haya. Bora mtucheleweshe mtufikishe salama, kaka. Mungu awabariki kwa kazi hii."

Saa moja kamili akarudi mlingotini. Kumi na sita. Upepo ulikuwa umekaa chini kabisa, hata ndege wa baharini walikuwa wanatembea badala ya kuruka. Akasimama hapo na daftari mkononi. Angeandika kumi na sita, yule mwanamke angeondoka baada ya robo saa, angemkuta baba yake. Na yeye mwenyewe angechelewa kidogo tu, maana nyumbani wangemsubiri. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi, namba moja tu. Alijiambia kwamba watu wangeshangaa upepo kushuka kiasi hicho ghafla. Alijua fika kwamba upepo wa pale hushuka na kupanda kutwa mara kumi na hakuna anayeshangaa. Akaandika ishirini na tano. Saa moja na nusu kipima kikasema kumi na saba, akaandika ishirini na sita, maana uongo haupendi kukaa peke yake.

Kisha akampigia simu kaka yake, Ndekirwa. Nyuma ya sauti ya kaka alisikia kwaya ya kanisa ikifanya mazoezi ya wimbo wa kumsindikiza mama.

"Upepo, kaka," akasema. "Dirisha limefungwa."

Ndekirwa akasema watasubiri.

2

Walisubiri mpaka jua likakaribia kuzama. Kundaeli alisimuliwa na binamu mmoja aliyependa kusimulia. Mchungaji alirudia mahubiri mara mbili. Mvua ya rasharasha ilinyesha, watu wakajibanza migombani, jeneza likafunikwa turubai. Udongo pembeni mwa kaburi ukalowa ukawa mzito. Saa kumi na mbili kasoro Ndekirwa akasimama mbele ya watu wote, mzee wa miaka sitini na mitatu, mwalimu mstaafu asiyejua kupayuka, akasema kwamba mdogo wake ni mwongo. Akasema dakika arobaini na nne ni pungufu ya muda wa kwenda sokoni Boma na kurudi. Akashika koleo ambalo halikuwa lake kushika, akatia udongo wa kwanza.

Kundaeli alilala na habari hiyo akaamka nayo. Ajabu ni kwamba ilimpa nafuu kidogo. Angalau palikuwa na mtu mmoja duniani aliyemjua.

Siku ya kumi Nyamizi akapita kituoni, anarudi kambini kwake. Alikuwa amenyoa nywele. Alimkuta Kundaeli kwenye kantini akiwa na sahani yake ya viazi, akamsogelea akabaki amesimama, kama mtu mwenye ujumbe mfupi. Akasema baba alikata roho saa tatu usiku ile siku ya upepo, na yeye alifika kesho yake saa kumi jioni. Akasema amewaza sana na hana kinyongo. Alikumbuka ile ajali ya zamani, akajiambia kwamba asingefaa kumzika baba halafu watu wengine sitini wazikwe kwa ajili ya haraka zake.

"Nilitaka kukushukuru tu," akasema. "Watu mnaolinda wenzenu hamshukuriwi."

Kundaeli alisema asante. Hilo nalo aliliweka kwenye orodha yake. Mwanamke alimshukuru kwa kumnyima baba, naye akajibu asante, akaendelea kula viazi mpaka vikaisha kwa sababu hakujua afanye nini na mikono.

3

Ndekirwa alitokea mwezi uliofuata bila kupiga simu. Kundaeli alikuwa kwenye chumba cha zamu aliposikia jina lake kwenye kipaza sauti, akashuka ukumbi wa wanaowasili, akamwona kaka yake amekaa kwenye benchi, suti ya kanisani, tai, uso wa kijivu kwa kutapika. Hakuwahi kupanda hata ndege ya kawaida. Alikuwa mtu wa kuogopa ngazi. Nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu tangu ujana, na viatu vyake, viatu vyeusi vya ibada, vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kamba.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba." Ndekirwa hakuinuka. "Kaa hapa kwanza, dunia bado inazunguka."

Kundaeli akakaa. Kaka mtu akaeleza taratibu, akivuta pumzi kila baada ya sentensi mbili. Baada ya msiba moyo wake ulikataa kutulia. Mjukuu wake akamfungulia rekodi za kituo, zile zinazowekwa wazi kwa wananchi wote, akamsomea siku ile ya maziko. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Sahihi ya ofisa ilikuwa ya Kundaeli mwenyewe, aliyekuwa amesimama kwenye upepo akiupima huku mama yake amelala chini ya turubai. Ndekirwa alisema aliposikia namba hizo alijiona mtu mdogo kuliko wote Machame.

Akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha yenye mihuri minne, na ndani ya bahasha akatoa jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa asiyejua, isale ni mmea wa kawaida, majani marefu kama panga, Wachaga huupanda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, na juu ya makaburi. Lakini jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu, maana yake nimekukosea, naomba unisamehe. Na aliyepelekewa hawezi kukataa. Hata kama amechomewa nyumba, analipokea, na neno linaishia hapo. Tangu Kundaeli azaliwe hajasikia mtu aliyelikataa isale.

"Kibali cha kuliingiza jani hili nchi ya watu kimechukua wiki tatu," Ndekirwa akasema, akicheka kidogo. "Safari yenyewe, dakika arobaini na nne. Wanaogopa wadudu."

Kundaeli alikuwa anavitazama viatu. "Hilo vumbi, kaka?"

"Si unamkumbuka mama? Alipomtukana shangazi yetu wa Sanya, tukataka kumpeleka na gari, akasema isale halipandi gari. Akatembea kilomita kumi na tisa. Na mimi nimetembea mpaka Sanya. Bahari ndiyo iliyonishinda." Akalinyoosha lile jani kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, mkubwa kwa mdogo. "Nilikuita mwongo mbele ya jeneza la mama yetu, nawe ulikuwa kazini unalinda roho za watu. Nimekukosea. Pokea, mdogo wangu."

Ukumbi ulikuwa na watu wanaovuta masanduku. Kundaeli aliliona jani, jinsi fundo lilivyofungwa kwa uangalifu, jinsi ncha ilivyoanza kukauka. Kulipokea ni kuufanya uongo wake uwe kweli ya ukoo, kaka yake aende kaburini akiamini kwamba alimkosea. Kulikataa ni jambo ambalo hakuna Mchaga aliyemfundisha namna ya kulifanya. Akaficha mikono chini ya mapaja kama mtoto.

Ndekirwa akangoja. Kisha, taratibu, akishika benchi kwa sababu ya nyonga, akaanza kuteremka apige magoti.

Hapo Kundaeli alimshika bega. Kulikuwa na aibu ambazo angeweza kuzimeza, lakini si ile.

"Upepo ulikuwa kumi na nane," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Siku ile. Kumi na nane, halafu kumi na sita. Dirisha lilikuwa wazi, kaka. Mimi ndiye niliyeandika namba nyingine."

Ndekirwa alirudi kukaa. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na alionekana akizifanyia kazi zile namba moja moja.

"Ungefika," akasema mwishowe.

"Saa nane kasoro. Ningefika kabla ya sala."

"Kwa nini?"

Kundaeli alijaribu kusema juu ya miaka kumi na mmoja, juu ya mashuka yaliyobadilishwa kila wiki, juu ya hodi. Maneno yalitoka yamekatikakatika, na alivyoyasikia kwa masikio yake aliyaona ni madogo mno kwa jambo lililofanyika. Akasema, "Niliona aibu." Halafu akasimulia habari za Nyamizi pia, kwa sababu alishaanza. Alipomaliza alinyoosha mkono. "Nipe mimi hilo jani, nikuombe msamaha kwalo."

Kaka yake alikuwa amekwisha kulirudisha kwenye bahasha. Aliikunja polepole, mihuri ikatazama ndani.

"Isale haliazimwi," akasema. "Hili nililichuma la kuombea kosa langu, kumbe kosa sikuwa nalo. La kwako liko kwenye kaburi la mama. Nenda kalichume mwenyewe." Akaiweka bahasha mfukoni. "Na huyo mama wa Tabora, utampelekea nini? Kwao hawajui isale. Yeye anaweza kukataa."

4

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Kundaeli ilikuwa ngazi moja tu mpaka ofisi ya mkuu wa zamu. Bi Ximena, mkuu wake, mama mpole ambaye alimtumia maua wakati wa msiba, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akamfungulia daftari la siku ile. Kundaeli akakata zile namba tatu kwa mstari mmoja kila moja, akaandika juu yake kumi na nane, kumi na sita, kumi na saba, akatia sahihi. Bi Ximena akamwomba kitambulisho cha kazi akakiweka kwenye droo. Hakusema neno lolote baya, ila hakumwangalia tena usoni, na alipotoka hakumjibu kwaheri.

Abiria sitini na mmoja wa siku ile wangearifiwa na kampuni. Kwa Nyamizi hakutaka aambiwe na kampuni. Alimwandikia mwenyewe, mistari minne, akaifuta mara nyingi. Alieleza alichokifanya, akasema angemkuta baba yake akiwa hai, akasema yeye Kundaeli hakustahili zile shukrani. Hakuomba asamehewe, maana aliona hana cha kumshikisha mkononi.

Asubuhi iliyofuata ofisa mwingine alikwenda mlingotini akarudi na kumi na tisa, dirisha likafunguliwa. Ndugu wawili walikaa viti vilivyopakana. Chombo kiliponguruma Ndekirwa alifumba macho na kushika mkono wa kiti mpaka vifundo vikabadilika rangi, na Kundaeli hakuthubutu kumshika mkono. Hawakuzungumza wakipaa, wala wakielea, wala wakianguka. Ubao ulio mbele ya abiria ulihesabu kilomita kinyumenyume kutoka elfu kumi, mia nane na themanini, na Kundaeli alizisoma zote.

Walipotua, simu yake ikalia. Jibu la Nyamizi lilikuwa neno moja: "Nimesoma." Alingoja mpaka wakamaliza ukaguzi wa mizigo kama kuna lingine litakalofuata. Halikuja.

Nje ya geti, jua la saa saba mchana lilikuwa linachoma, na mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Mjukuu wa Ndekirwa alikuwa amelileta gari. Ndekirwa akaingia mbele, akaacha mlango wa nyuma wazi.

"Nenda tu, kaka," Kundaeli akasema. "Mimi nitatembea."

Ndekirwa akateremsha macho mpaka miguuni pake.

"Hivyo viatu vitakuchubua," akasema, akauvuta mlango.

Kundaeli alishika barabara ya kupanda. Kila gari lililopita lilipunguza mwendo, dereva akiona labda ni mtu anayehitaji msaada, naye akawa anapunga mkono kukataa. Saa ya pili kisigino cha kushoto kilikuwa kimechubuka kweli. Migomba ilipoanza, na baridi, na maji ya mfereji yakisikika pembeni, alimkuta bibi mmoja ametua mzigo wa majani ya ng'ombe anapumzika. Akamwamkia. Bibi akaitikia, akamkagua kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vya ofisini vilivyojaa vumbi.

"Pole na safari, mwanangu. Umechoka. Bila shaka umetoka mbali sana."

Enzi za ndege nne hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na hapa alikuwa anapewa bure, na mtu asiyemjua.

"Hapana, bibi," Kundaeli akasema. "Natoka karibu tu. Siku zote nilikuwa karibu."